Milingoti Iliyokosa Tanuri

Mlingoti ulirudishwa Jumatatu saa tatu asubuhi, juu ya paa la gari dogo, mwisho wake umefungiwa kitambaa chekundu ili wenye magari ya nyuma wauone. Ulikuwa umepinda katikati kama mtu aliyeshikwa na kichomi. Kocha wa chama cha mashua alifungua kamba mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaubeba begani hadi ndani ya karakana na kuulaza sakafuni mbele ya meza ya ukaguzi. Hakusalimu. Kwa kawaida alikuwa mtu wa salamu ndefu, mtu wa kuulizia hata hali ya paka wa jirani, kwa hiyo mafundi waliokuwa karibu waliweka zana zao chini wakajua kuna jambo.

Alieleza kwa maneno machache. Jumamosi walikuwa mazoezini, upepo wa kawaida tu, ule ambao mashua zao zote kumi na mbili zilikwisha kutoka nao mara nyingi. Mashua ya nne ilipogeuka, mlingoti ukaanza kulala. Haukukatika wala kupiga kelele. Ulikunjika polepole, waya za kuushikilia zikalegea upande mmoja, kisha zikakaza ghafla. Mwanamke aliyekuwa kwenye usukani aliinua mkono kujikinga, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vikavunjika.

"Sijaja kugombana," Kocha alisema. "Nimekuja kuuliza. Huu mlingoti una miezi mitatu tu."

Swali lilimwendea mwanamke aliyesimama nyuma ya meza, mwenye koti la bluu na miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Karakanani walimwita Bi Kipimo. Alikuwa amefanya kazi pale tangu enzi za baba yake, aliyeanzisha karakana hiyo ya kutengeneza milingoti ya mashua za mashindano, na sasa mdogo wake ndiye aliyekuwa bosi. Kazi ya Bi Kipimo ilikuwa moja: kila bomba la alumini lililoingia mlangoni, ahakikishe ni lile waliloagiza, kabla msumeno haujaligusa. Mafundi walimtania kwamba hata sukari ya chai huipima kwa rula. Yeye hakukasirika. Utani huo ulikuwa wa miaka mingi, na siku hizi alikuwa amechoka mno kukasirikia vitu vidogo.

Alimwomba Kocha akae, akavuta droo, akatoa koleo la kupimia ugumu. Ni kifaa cha ukubwa wa koleo la fundi umeme, chenye sindano upande mmoja na saa ndogo juu. Unabana bomba katikati ya taya zake, sindano inaing'ata metali kidogo, mshale unasimama kwenye namba. Mlingoti wa aina ile ulitakiwa usome kumi na tano au zaidi.

Alibana karibu na kitako cha mlingoti. Kumi na moja.

Alifuta sindano kwa kitambaa, akabana tena hatua mbili mbele. Kumi na moja. Juu, karibu na ncha, kumi na nusu. Alikwenda hadi kwenye kipande cha majaribio kilichokuwa kikining'inia ukutani, ambacho ugumu wake ulijulikana, akakibana ili kuona kama kifaa ndicho kilichoharibika. Kumi na tano, kama kawaida. Kifaa kilikuwa kizima.

Akaketi kwenye kiti chake cha duara.

Alimweleza Kocha bila kuzunguka. Masharti ya mashindano yanataka alumini iliyochanganywa na magnesi na silikoni kidogo, aloi ambayo namba yake ni sita-sifuri-sita-moja. Lakini namba hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni herufi T na tarakimu inayofuata, inayosema metali hiyo ilipitishwa kwenye joto gani. T nne imepashwa moto mkali, ikazimishwa kwa maji, ikaachwa ipumzike. T sita imefanyiwa hayo yote, kisha ikarudishwa kwenye tanuri la joto la wastani kwa saa nane hivi, na hapo ndipo inapopata ugumu wake. Ukiziweka mezani hazitofautiani. Zina rangi moja, uzito mmoja, hata ukizigonga zinalia sawasawa.

"Huu haukuingia tanuri la pili," alisema. "Ni laini."

Kocha alimtazama. "Na ile mingine kumi na moja?"

"Sijui. Nitakuja kesho kuipima."

Kocha alipoondoka, Bi Kipimo alikwenda kwenye kabati la mafaili. Alijua faili lilipo na alijua atakachokikuta, lakini alilifungua taratibu, kama mtu anayefungua bandeji. Mabomba kumi na mawili yaliingia kwa mafungu mawili, matano na saba. Cheti cha kiwanda kilikuwa kimoja, kinasema T sita, kundi namba inayoishia na arobaini na saba. Lebo ya fungu la kwanza ilikuwa imebandikwa pembeni: arobaini na saba. Lebo ya fungu la pili ilikuwa chini yake: sabini na nne. Tarakimu zilezile mbili zilizopinduliwa. Mtu aliyesoma mbiombio angeapa ni kitu kimoja.

Chini ya ukurasa palikuwa na safu ya vipimo vya ugumu, mahali pa namba tatu kwa kila bomba. Safu yote ilikuwa tupu. Na chini ya safu hiyo tupu palikuwa na saini yake.

Aliikumbuka siku hiyo. Mama yake, ambaye tangu apatwe na kiharusi miaka miwili iliyopita alikuwa akiishi naye, alianguka bafuni alfajiri. Bi Kipimo alimwinua peke yake, akambadilisha nguo, akamlisha, akamsubiri jirani aje kukaa naye, akafika karakanani akiwa hoi bin taabani. Mama alikuwa na mtindo wa kuamka usiku akidhani kumekucha, akitaka kwenda kufungua duka ambalo lilifungwa zamani. Kwa hiyo Bi Kipimo hakuwa na usingizi wa kipande kimoja. Alilala vijisehemu, kama anayekula makombo. Siku ile dereva wa lori alikuwa na haraka, mafundi walikuwa wanasubiri mabomba, na yeye akajiambia atapima mchana. Akasaini. Mchana ulipofika, mabomba yalikuwa yamekatwa na kutobolewa matundu. Akajiambia kiwanda hakijawahi kuwakosea. Kisha akasahau kabisa, na kusahau huko ndiko kulikomuuma zaidi ya yote, kwa maana hakuwahi kuwa mtu wa kusahau.

Mdogo wake alikuja saa saba, alipotoka kwa mteja. Alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, mwenye mazoea ya kuingia mahali akiwa ameshaanza sentensi. Safari hii aliingia kimya, maana mafundi walikuwa wamekwisha kumwambia. Alisoma faili akiwa amesimama. Alisoma mara mbili.

Halafu akaanza kupanga mambo, kama alivyozoea. Kosa ni la kiwanda, alisema. Wao ndio walioleta mabomba laini na cheti cha kundi jingine. Karakana itawaandikia barua kali. Kuhusu chama, mlingoti mmoja umepinda. Watakipa chama mlingoti mwingine bure, wataeleza kwamba waya zilikazwa kupita kiasi, jambo ambalo hutokea, na ile mingine itabadilishwa polepole, mmoja mmoja, baada ya mashindano ya mwisho wa wiki. Hakuna haja ya kuwatia watu hofu. Aliongea kwa sauti ya chini na ya upole, na Bi Kipimo aliona kwamba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayeogopa jina la baba yao kuharibika.

Alimwacha amalize. Kisha akasema:

"Mdogo wangu, mimi sina nguvu za kudanganya. Uongo unataka mtu aliyelala vizuri. Mimi nitasahau tulichokubaliana kabla ya Jumatano."

Alidhani mdogo wake atacheka, lakini hakucheka. Alivuta kiti akaketi mbele yake, magoti yao karibu yagusane kama walipokuwa watoto wakimenya karanga.

"Dada, wewe hujawahi kusaini bila kupima. Ilikuwaje?"

"Siku ile Mama alianguka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia. Ulikuwa kwenye mkutano. Ulinitumia ujumbe kwamba utakuja Jumapili."

Na kweli alikuja Jumapili ile na mfuko wa machungwa, akakaa saa moja, akamchekesha Mama, akaondoka. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Hilo halikusemwa. Mdogo wake alizungusha kalamu kwenye vidole, akasema kwamba kesho ataendesha gari yeye, waende pamoja kwa Kocha.

Bi Kipimo alikataa. Saini ilikuwa yake, na alitaka kwenda peke yake.

Siku ya pili mashua zilikuwa zimepangwa kwenye uwanja wa saruji mbele ya banda la chama, kila moja juu ya kitoroli chake, milingoti imesimama. Jua lilikuwa kali na nyaya zilikuwa zikigonga milingoti kwa mlio mwembamba usiokoma. Wanachama kama kumi hivi walikuwa wamekusanyika, watu wazima wenye kazi zao za kawaida: mwalimu, muuza viatu, wahasibu wawili, mke na mume wenye duka la dawa. Walikuwa wameomba ruhusa kazini ili waje kusikia.

Kocha alitaka kumtambulisha Bi Kipimo, lakini yeye akampungia mkono kwamba hakuna haja. Aliwaambia yeye ni nani. Aliwaambia mabomba yalipoingia alipaswa kuyapima, na kwamba hakuyapima.

"Nilisaini tu," alisema. "Kiwanda kilikosea, lakini mimi nipo pale kwa ajili ya kukamata makosa ya kiwanda. Kwa hiyo leo nimekuja kufanya kazi ya miezi mitatu iliyopita."

Muuza viatu alikohoa. Bi Kipimo alitoa koleo mfukoni akaanza na mashua ya kwanza.

Alibana mara tatu kila mlingoti: chini, katikati, na juu kadiri ngazi ilivyofika. Kocha alimshikia ngazi. Mwalimu alijitolea kuandika namba, na Bi Kipimo alizisoma kwa sauti ili kila mtu asikie. Kumi na tano, kumi na tano, kumi na sita. Kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja. Kila mara namba ndogo iliposomwa, wenye mashua hiyo walisogea karibu wakaugusa mlingoti wao, kana kwamba vidole vyao vingeweza kuhisi tofauti. Alipofika wa tisa kiganja chake kilikuwa kimechoka kwa kubana, akalazimika kutumia mikono miwili. Mume wa dukani alitaka kumsaidia. Akamwambia asante, lakini akibana mtu mwingine namba zinaweza kubadilika, na leo alitaka namba zisiwe na lawama.

Mitano ilikuwa mizuri. Sita ilikuwa laini. Ukijumlisha ule uliopinda, saba, sawasawa na fungu la pili.

Mashindano yalikuwa Jumamosi na Jumapili, na mashua kutoka vyama vingine zilikuwa zimekwisha kuanza kuwasili. Mke wa dukani aliuliza kama watapata milingoti mipya. Bi Kipimo alisema kiwanda kinahitaji wiki sita. Palikuwa na manung'uniko, lakini si ya hasira. Yalikuwa manung'uniko ya watu waliofanya mazoezi mwaka mzima na sasa wamesikia wasichotaka kusikia.

Ilikuwa ni wakati wa kushuka ngazi kwa mara ya mwisho ndipo wazo lilipomjia, na lilimjia kwa uvivu, bila furaha. Milingoti ile haikuwa na ubovu. Ilikuwa imerukwa hatua moja. Na hatua hiyo ilikuwa joto tu, joto la kutosha kuoka keki, lakini kwa saa nane bila kupanda wala kushuka, ndani ya tanuri lenye urefu wa mita sita na ushee. Alimjua mtu mmoja mwenye tanuri kama hilo.

Kabla ya kumtafuta mtu huyo alipitia kwanza mahali pengine. Mwanamke aliyevunjika vidole alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alikuwa na chumba chake cha kazi juu ya duka la miwani, chumba kidogo chenye harufu ya plasta na nta, na mstari wa taya nyeupe kwenye rafu kama zinazosubiri kuambiwa kichekesho. Alikuwa ameketi mezani, mkono wa kulia umefungwa hadi kwenye kifundo, akijaribu kuchonga jino kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na umri wa kuwa binti wa Bi Kipimo.

Bi Kipimo alirudia maneno yaleyale aliyoyasema uwanjani. Hapa yalikuwa magumu zaidi kutoka.

Fundi wa meno aliweka kisu chini. Aliuliza bomba moja linapimwa kwa muda gani.

"Dakika mbili."

"Dakika mbili," alirudia fundi wa meno, akitazama mkono wake. "Na siku ile ulikuwa na nini, mama?"

Bi Kipimo alisema hakuja kujitetea. Lakini yule mwanamke alisubiri, na kusubiri kwake hakukuwa na ukali, basi akamwambia habari za kiharusi, za bafuni, za duka la kufunguliwa usiku. Alimwambia kwa kifupi, akitazama zile taya rafuni.

"Mama yangu mimi alikuwa hivyohivyo mwaka mzima kabla hajafa," fundi wa meno alisema. "Najua usingizi wa aina hiyo. Nimewahi kumtengenezea mtu meno ya mtu mwingine." Akainua mkono uliofungwa. "Lakini vidole ni vyangu. Sitakuambia haidhuru."

"Usiniambie."

"Daktari anasema kimoja hakitakunjika vizuri tena."

Bi Kipimo aliitikia kwa kichwa. Alibaki kidogo zaidi, akamshikia taya moja ya plasta ili yule mwanamke achonge kwa mkono wa kushoto, kwa sababu ilikuwa inateleza na hapakuwa na mwingine wa kuishika. Walifanya hivyo kwa nusu saa. Alipoaga, fundi wa meno alimwambia arudi kumweleza mambo yatakavyoishia.

Mwenye tanuri aliitwa Rangi Mbili, kwa sababu wakati wa kupaka nyumba yake mwenyewe rangi iliisha katikati, akamalizia kwa nyingine, na akashikilia hadi leo kwamba alikusudia. Alikuwa na kiwanda cha kupaka rangi ya unga fremu za madirisha na mageti. Fremu zilinyunyiziwa unga, zikaningʼinizwa kwenye reli, zikasukumwa ndani ya tanuri refu kama behewa la treni ambamo unga uliyeyuka na kushika. Alimsikiliza Bi Kipimo huku akila embe, akauliza swali moja tu la maana: joto gani? Nyuzi mia moja sabini na saba, alijibiwa, na lisiyumbe. Rangi Mbili alisema tanuri lake linayumba kama mlevi, ila siku ambayo halina kazi nyingine, na milango ikizibwa vizuri, linaweza kutulia. Alhamisi halikuwa na kazi.

Jumatano ilikuwa ya kuivua milingoti vifaa vyake. Mafundi wa karakana walikwenda chamani pamoja na mdogo wake Bi Kipimo, ambaye hakusema lolote isipokuwa kuuliza aanzie wapi. Kila kitu kilichokuwa kwenye ile milingoti sita kilitolewa: kapi, riveti, vifuniko vya plastiki, kamba zilizopita ndani, hata stika za bahati ambazo wenye mashua walizibandika. Mdogo wake alikuwa hajashika drili kwa miaka mingi. Ilipofika saa tisa alasiri alikuwa na lengelenge kwenye kiganja na shati limemganda mgongoni. Bi Kipimo alimwona akipumzika kwenye ukingo wa kitoroli, ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi naye alivyozeeka.

"Kesho utakaa huko tanurini saa zote nane?" mdogo wake aliuliza.

"Ni lazima mtu aangalie joto."

"Basi mimi nitakaa na Mama. Mwambie jirani apumzike." Kisha akaongeza, bila kumtazama, "Na kuanzia wiki hii nitamchukua siku tatu kwa wiki. Usiku pia. Nimeshazungumza na mke wangu."

Bi Kipimo alitaka kusema kitu kuhusu miaka miwili. Alikuwa nacho tayari, kimejipanga mdomoni, na kilikuwa cha haki. Lakini kukisema kulihitaji kusimama wima, na mgongo ulikuwa unamuuma. Alimwambia tu kwamba Mama hanywi dawa ya asubuhi mpaka apewe na uji wa vuguvugu, na kwamba mlango wa mbele ufungwe kwa komeo la juu.

Alhamisi saa mbili asubuhi milingoti sita ilisukumwa ndani ya tanuri, imelazwa juu ya reli, na milango ikafungwa na kuzibwa kwa kitambaa kisichoungua. Bi Kipimo aliweka kiti mbele ya saa ya joto. Kila robo saa aliandika namba. Ikipanda, Rangi Mbili alipunguza moto. Ikishuka, aliongeza, huku akililaani tanuri lake kwa majina ya ndugu zake. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kubeba mawe. Chumba kilikuwa na joto la kusinzisha, na hakukuwa na cha kufanya ila kutosinzia. Alitembea. Alinawa uso. Alikula kipande cha mkate akiwa amesimama. Saa nane mchana simu iliita, mdogo wake, akiuliza kwa sauti ya kushindwa kama ni kawaida Mama kuficha vijiko chini ya mto.

"Kawaida," alisema.

"Vyote?"

"Vyote. Usivitoe mpaka alale."

Saa kumi jioni walizima. Milingoti ilipopoa kiasi cha kushikika, aliona kwamba ile ngozi ya fedha inayowekwa juu ya alumini ili isiliwe na chumvi ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba, kama sahani ya kale. Alijua ingekuwa hivyo. Alibana wa kwanza. Kumi na tano. Wa pili, kumi na tano. Kumi na sita, kumi na tano, kumi na tano. Wa sita, uliokuwa karibu na mlango, ulisoma kumi na tatu, akauweka kando. Rangi Mbili aliupigapiga begani ule wa kwanza kama ng'ombe aliyekamuliwa vizuri, akasema mitano kati ya sita si haba kwa tanuri la madirisha.

Bi Kipimo aliketi akacheka kidogo, kicheko cha pumzi tu. Ilikuwa imefanikiwa.

Mpimaji wa mashindano alifika Ijumaa. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye kitabu cha masharti kilichochakaa pembe. Alisikiliza kisa chote. Alibana milingoti kwa koleo lake mwenyewe akapata namba zilezile, akasema kwa dhati kwamba hajawahi kuona kazi ya uaminifu namna ile. Kisha akafungua kitabu na kuwasomea: bomba la mlingoti liwe limetibiwa kwa joto na kiwanda kilicholitengeneza, na liwe na cheti cha kiwanda hicho. Milingoti hii ilitibiwa na mtu wa kupaka rangi madirisha. Hata ugumu wake uwe kamili, hakuwa na uwezo wa kuipitisha. Ilifaa kwa mazoezi. Kwa mashindano, hapana.

Kocha alibishana naye. Mdogo wake Bi Kipimo alibishana naye zaidi, mpaka sauti ikampanda. Bi Kipimo hakubishana. Alichukua kile kitabu, akavaa miwani, akausoma mstari ule mwenyewe, akarudia, kwa makini ambayo angepaswa kuwa nayo miezi mitatu nyuma. Mpimaji alikuwa sahihi.

"Sharti ni sharti," Bi Kipimo alisema, akakirudisha kitabu. "Tungeruhusu tanuri la kila mtu, kesho wangekuja watu wasioandika namba."

Kwa hiyo mashindano yalifanyika na mashua tano za chama badala ya kumi na mbili. Waliokosa mashua walipokezana na wenye nazo. Kila mbio zilipokwisha, mashua ziliingia ufukweni, watu wakashuka, wengine wakapanda wakiwa wameinua suruali hadi magotini. Mke na mume wa dukani walipata mbio mbili tu. Chama hakikushinda chochote. Fundi wa meno alikaa kwenye kiti ufukweni mkono ukiwa kifuani, akipiga kelele za maelekezo kwa mtu aliyepewa usukani wake, na Bi Kipimo alipokwenda kumweleza mambo yalivyoishia, alimsogezea nafasi kwenye kivuli. Walitazama mbio moja hadi mwisho. Hawakuwa marafiki, lakini palikuwa na nafasi ya watu wawili.

Kabla ya kuondoka Jumapili, Mpimaji alimwomba Bi Kipimo kitu. Masharti yalikuwa yakirekebishwa mwaka ule, na hakuna mahali yaliposema bomba lipimwe ugumu linapopokelewa karakanani. Yalidai cheti tu. Angeweza kumwandikia mstari mmoja? Alimpa karatasi. Bi Kipimo aliiweka juu ya goti, akaandika kwamba kila bomba lipimwe mahali patatu na namba ziandikwe kabla halijakatwa, na kwamba anayesaini awe ndiye aliyepima. Alifuta neno moja, akaongeza jingine. Mstari haukuwa na uzuri wowote. Mpimaji aliusoma, akaukunja, akautia ndani ya kitabu.

Mdogo wake alikuwa amemchukua Mama tangu asubuhi. Bi Kipimo alifungua mlango wa nyumba yake saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado dirishani. Sauti ya redio ya jirani ilipenya ukutani. Kitanda cha Mama kilikuwa kimetandikwa, blanketi limekunjwa pembeni vibaya, kwa mikono ya mtu asiyezoea. Alisimama kwenye korido akisikiliza, maana masikio yake yalizoea kusikiliza, lakini hapakuwa na mtu wa kuita. Alifikiria kuoga. Alifikiria kupika kitu. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda chake ili avue viatu, akavua kimoja, na usingizi ukamchukua hapo hapo, kwa upande, mkono mmoja ukiwa bado umeshika kamba za kiatu cha pili.